Stuu ya Shemeji Hezekia

Shemeji yangu Hezekia alikuwa mzee wa kanisa, mjumbe wa kamati ya shule, na mwongo wa jambo moja tu. Jambo lenyewe nitalitaja likifika mahali pake. Kwanza niseme habari za stuu, kwa sababu mwenyewe angetaka nianzie hapo.

Kabla ya Uhuru Hezekia alipika miaka tisa kwa mzungu mmoja mwenye shamba la matunda, juu kidogo ya Lushoto mjini. Mwaka uliofuata baada ya bendera kubadilishwa mzungu yule akafunga mizigo, akamwachia mpishi wake vitu viwili: sufuria nzito ya chuma yenye mfuniko wake, na majivuno. Sufuria ilipofika nyumbani dada yangu Secilia aliifanya chombo cha kuwekea mbegu za maharage. Majivuno hayakupata kazi nyingine. Yaliendelea kupika stuu ya kondoo kwa mdomo mwaka hadi mwaka, sebuleni, kwenye foleni ya sukari pale duka la ushirika, hata kwenye shamba la kijiji, wote tumeinama na majembe na bwana shamba anatutazama.

"Kondoo hataki haraka," ndivyo alivyokuwa akianza, na sisi tuliomzoea tulijua kwamba hapo hatuondoki kabla viazi havijaiva.

Mimi nilihamia kwao mwaka wa sabini na mbili, nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi iliyokuwa chini ya kitongoji chao. Secilia ni dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo kumtania mume wake ilikuwa haki yangu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo inavyotakiwa, naye akaitikia marahaba, na baada ya hapo kila mtu alikuwa huru. Nilimuuliza mara nyingi kama hiyo stuu imewahi kuonekana na mtu mwingine zaidi yake na mzungu aliyekwisha kuondoka. Alinijibu kwamba walimu wana akili za kitabuni, hawawezi kuelewa nyama.

Ukweli ni kwamba nyumbani hakuwahi kupika hata yai. Kwetu mwanamume mwenye mke hakai kwenye kigoda mbele ya mafiga, na hata kama angetaka, Secilia asingemruhusu. Siku moja alifunua chungu kuangalia maharage, na dada yangu akamuuliza kwa upole kabisa, "Baba Rubeni, umepoteza kitu?" Akarudisha mfuniko, akatoka nje kuangalia mawingu.

Mtu mmoja tu aliiamini stuu ile kwa moyo wote, naye ni jirani yake Saidi. Saidi alikuwa mkulima wa kabichi, mtu mrefu mwenye kofia ya kufuma, mcheshi, na wakati wa Ramadhani alikuwa na ujasiri wa kumwomba Hezekia asimulie stuu yote tangu mwanzo kabla ya magharibi, ili, kwa maneno yake, njaa ipate adabu. Walikuwa wanaitana mbuya, ndiyo rafiki kwa Kishambaa, na hawakuitana hivyo kwa mazoea tu. Walijenga nyumba zao mwaka mmoja, wakapanda migomba mpakani bila kuuliza nani mwenye mkungu upi. "Siku moja utanipikia, mbuya," Saidi alikuwa akisema. "Siku moja," Hezekia alikuwa akijibu, huku akijua kwamba Secilia anasikia.

Halafu likaja suala la maji.

Mwaka wa sabini na tatu mvua ilituchezea. Mfereji uliotoka korongoni ulikuwa na maji kidogo, na tuliyagawana kwa zamu, kila shamba siku yake. Katika zamu ya Saidi maji hayakufika kwake. Alipopanda kuangalia alikuta kingo imefunguliwa upande wa shamba la Hezekia, na viazi vya Hezekia vimelowa vizuri. Miche ya kabichi ya Saidi, mia nne na zaidi, ilikauka wiki hiyo. Alikuja kuuliza, bila hasira. Na shemeji yangu, mzee wa kanisa, mtu anayesimama Jumapili kukusanya sadaka, akamtazama usoni akasema ni fuko. Fuko amechimba kingo.

Hilo ndilo jambo lenyewe.

Saidi hakubishana. Alisema, "Haya, kama ni fuko," akaenda zake, na kwa miaka miwili hawakusemeshana. Wakikutana kwenye njia ile nyembamba kila mmoja alipanda kingo ya upande wake, wakapishana kama wageni. Msibani walikaa pembe mbili. Wake zao waliendelea kuazimana chumvi na moto kama kawaida, kwa sababu Secilia na Mwanamisi, mke wa Saidi, hawakuwa na muda wa upuuzi. Nasi sote tulijua kuwa hapakuwa na fuko. Hata fuko wenyewe walijua.

Mwezi wa saba mwaka wa sabini na tano Mwanamisi alikuja jikoni kwetu akatuambia wanahama. Hamisi, mtoto wao wa kwanza, alikuwa amepata eka tano huko chini Magoma, kwenye kijiji kipya, ardhi tambarare ambayo huhitaji kuishika kwa mkono mmoja usiporomoke huku ukilima kwa mwingine. Wangeondoka Jumatatu ya wiki inayofuata. Alisema hivyo, kisha akaanza kuchambua mchicha ambao haukuwa wake.

Usiku Secilia alimweleza mumewe. Hezekia alikuwa anakunywa chai bila sukari, maana sukari ilikuwa hadithi wakati ule, na kikombe kilisimama kati ya meza na mdomo.

"Nenda ukamwombe radhi," Secilia alisema.

"Radhi ya nini?"

"Unajua ya nini."

Akarudisha kikombe mezani. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari, na nilikuwa nimeacha kusahihisha. Mwisho akasema, "Nitampikia."

Secilia alicheka, lakini mimi nilimwona uso na sikucheka. Mtu huyu alikuwa anaogopa kwelikweli kwamba rafiki yake atashuka mlima bila neno, na pia alikuwa anaogopa hilo neno. Akaona atalikwepa kwa kulipikia karoti. Ni mpango wa kijinga, lakini mimi mwenyewe nimewahi kuandika barua ya kurasa nne ili nisiseme kitu kimoja, kwa hiyo sikuwa wa kumcheka.

Alichagua Jumamosi, na haikuwa kwa bahati tu. Akina mama wa usharika walikuwa na mkutano wao Vuga, Secilia angeondoka Ijumaa na kurudi Jumamosi mchana. Hezekia alitaka jiko likiwa halina mwenyewe. Alinituma kwa Saidi na mwaliko, na Saidi alinisikiliza hadi mwisho, akajikuna kidevu.

"Mwalimu, mwambie nitakuja baada ya alasiri. Ila aelewe kwamba ninakuja kwa ajili ya kondoo."

Nilipofikisha ujumbe huo Hezekia alifurahi kana kwamba amesamehewa tayari.

Jumamosi aliniamsha ukungu bado umekaa mlangoni. Alikuwa amejifunga kanga ya dada yangu kiunoni, na kisu amekinoa mpaka kinang'aa. Kondoo wake, dume nono lenye mkia mpana, alikuwa nyuma ya migomba, mahali ambapo mtu apitaye njiani haoni. Mzee wa kanisa hakutaka kuonekana na kanga. Nilishika miguu, yeye akachinja, tukachuna pamoja, na alifanya kazi ile haraka na kwa usafi kiasi kwamba nilianza kuwa na wasiwasi kuwa labda ile miaka tisa haikuwa uongo.

Msomaji wa milimani kwetu ameshaona tulichokifanya, na anatikisa kichwa. Sisi hatukukiona. Mimi akili yangu ilikuwa kwenye viazi vya kumenya, na yeye alikuwa amerudi kwa mzungu, kijana wa miaka thelathini mwenye kofia nyeupe.

Mafuta ya kupikia mwaka ule tuliyasikia redioni tu, lakini hayakumsumbua. Alikatakata mkia wa kondoo vipande vidogo, akaviweka kwenye ile sufuria ya chuma (mbegu za Secilia zilihamia kwenye kikapu, na hilo lilikuja kuwa kesi nyingine), akaviacha viyeyuke polepole juu ya kuni za miwati. Nyama hakuitia yote kwa pamoja. Alitia vipande vichache, akavigeuza mpaka vikawa vya kahawia pande zote, akavitoa, akatia vingine. "Ukiibananisha inatoa maji, inachemka badala ya kukaangika," alisema, na hapo nikajifunza kitu ambacho mama yangu hakukijua. Kisha vitunguu vingi, kisha unga wa ngano kijiko kimoja alioutunza sijui tangu lini, nyanya, maji ya moto kidogo kidogo. Akatupia kitawi cha jani moja la bustani ya mzungu, lenye harufu ya dawa ya kifua, ambalo alilihamishia kichakani kwake mwaka ule wa kuondoka na kulimwagilia miaka kumi na tatu akisubiri siku ya kulitumia. Nilikuwa nimelipita jani lile kila siku nikidhani ni magugu.

Karoti ziliingia mchana, viazi baadaye kabisa. Moto aliuweka mdogo, akiondoa kijinga kimoja na kukirudisha, na mfuniko alikataa kuufungua hata nilipomsihi. Machozi ya moshi yalimtoka, maana kwa mzungu kulikuwa na jiko la chuma lenye milango na bomba. Mafuta ya mkia yaliyobaki alikaangia mchicha, akapaka na sufuria ya ugali ili usishike. Kufikia saa nane harufu ilikuwa imetoka nje ya nyumba, imepita migomba, na mbwa watatu wasio wetu walikuwa wamekaa uani kwa heshima.

Secilia aliingia saa tisa akiwa na vumbi la Vuga miguuni. Alisimama mlangoni mwa jiko lake. Nilisubiri ngurumo. Lakini alivuta pumzi, akafumba macho, akasema, "Baba Rubeni, kumbe ni kweli." Shemeji yangu alijishika kwenye nguzo. Nadhani tangu harusi yao hakuwa amesikia neno tamu kuliko hilo.

Kisha dada yangu akauliza, akifungua kitambaa chake kichwani, "Na Saidi alikuja saa ngapi kuchinja? Ina maana mmeshapatana?"

Sufuria tu ndiyo ilikuwa inaongea.

Niwaeleze wasio wa kwetu. Katika milima hii Walutheri na Waislamu tunakaa ukuta kwa ukuta, na mara nyingi ni ukoo mmoja. Kwa hiyo mnyama akichinjwa, hata kwa Krismasi, anaitwa Mwislamu achinje, ili sahani iweze kwenda nyumba yoyote. Nyumbani kwa Hezekia, tangu walipojenga, aliyechinja ni Saidi. Baada ya ugomvi aliitwa Juma wa ng'ambo ya korongo. Na aliyekuwa akituma mtu kumwita, mara zote, ni Secilia. Hezekia aliona mchinjaji anafika siku ya sikukuu kama jua linavyofika, hakuwahi kujiuliza nani amemwambia. Siku moja aliyoachiwa mambo mwenyewe, alimwalika Mwislamu kula nyama kisha akachinja kwa mkono wake wa Kilutheri. Na mimi, mwalimu, nilishika miguu.

"Mungu wangu," alisema Hezekia, akakaa chini. Akakaa kwenye kigoda cha Secilia, mbele ya mafiga, na safari hii hakuna aliyemuuliza kitu.

Sijivunii nilichosema baada ya hapo. Nilisema, "Tuseme kachinja Juma. Nani alituona? Kulikuwa na ukungu." Nilikuwa nimeshaona hesabu yake yote: Jumatatu Saidi anaondoka, hatutapata siku nyingine, mtu amepika tangu alfajiri. Secilia alinitazama mpaka nikashusha macho. "Mimi sitasema hivi wala vile," aliniambia. "Kondoo si wangu." Akaenda kunawa miguu.

"Juma hatakana," nilimwambia Hezekia kwa sauti ndogo. Yeye alikuwa anautazama moto.

"Hodi!"

Walikuwa wameshafika. Saidi amevaa kanzu yake ya Idi, Mwanamisi nyuma yake na kikapu cha mapea. Salamu zilipita vizuri, za Kishambaa na za Kiswahili, za watoto, za mifugo, za safari ya Magoma, na wanaume wale wawili walipeana mikono kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, mikono mikubwa iliyoshikana na kuachana upesi. Hezekia alitoa maji akamnawisha mgeni mwenyewe. Ugali ukaja. Stuu ikaja ndani ya bakuli la udongo, nyekundu ya kahawia, karoti zinachungulia, mafuta yamechora duara juu.

"Mbuya," Saidi alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika, "kumbe hukuwa unanidanganya."

Akamega tonge. Akalichovya. Akasema bismillahi.

Mimi nilikuwa nimekaza vidole vya miguu ndani ya viatu. Nakiri nilikuwa naomba Mungu Hezekia anyamaze.

"Saidi, usile."

Mkono ulisimama hewani.

"Nimechinja mimi," Hezekia alisema. "Sikukuita, nilisahau. Hakuna aliyenikumbusha kwa sababu sikumuuliza mtu. Nimechinja mwenyewe nyuma ya migomba." Alitakiwa kuishia hapo, na mtu yeyote angeishia hapo. Lakini lilikuwa limeshafunguka, na likatoka lote. "Na maji yale nilifungulia mimi. Viazi vyangu vilikuwa vinakufa. Hapakuwa na fuko. Kabichi zako nimeziua mimi, na nimekuacha miaka miwili ukipanda kingo kunipisha. Nisamehe, mbuya."

Saidi alirudisha tonge kwenye ukingo wa sahani, taratibu. Alifuta vidole kimoja kimoja. Mwanamisi alikuwa ameshika kikapu chake cha mapea kama mtu aliye tayari kusimama.

"Fuko," Saidi alisema mwisho. "Hezekia, siku ile nilipopanda kwenye kingo nilikuta alama za katambuga kwenye tope. Tairi la lori, kisigino cha kushoto kimeliwa. Nimekaa miaka miwili nikiwaza huyo fuko amenunua wapi katambuga zako."

Secilia ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa upande wa kanga, ikashindikana, na Mwanamisi akafuata, na mimi. Saidi alicheka mwisho, hadi kofia ikamkaa upande. Hezekia hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa na machozi yanamdondokea mapajani, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia. Saidi alinyoosha mkono juu ya bakuli lile asiloweza kuligusa, akamshika bega, akauacha mkono hapo muda mrefu.

"Mama Rubeni," Mwanamisi aliuliza, akijifuta macho, "hakuna chakula humu ambacho mpishi wako hakukigusa?"

Ilikuwa shida. Mchicha una mafuta ya mkia. Ugali umepikwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta yaleyale. Tulikagua jiko zima, na kitu pekee kilichosalimika ni makande yangu ya jana usiku, mahindi na maharage na chumvi, ndani ya chungu changu mwenyewe, baridi na yameshikana. Kwa upishi mimi sijawahi kusifiwa. Secilia alitaka kuyapasha moto, Saidi akasema yalete hivyohivyo, njaa imeshapata adabu ya kutosha. Tukayapakua kwenye sahani moja kubwa na kuiweka mbele yake.

Hezekia alinawa mikono upya, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Kisha akaja akakaa upande wa pili wa sahani ile, akachota makande. Bakuli la stuu alilisukuma kwangu bila kulitazama.

"Shemeji, kula wewe na dada yako. Kisha uniambie."

Nilimwambia aonje kidogo, ameihangaikia tangu alfajiri na miaka kumi na tatu kabla ya hapo. Akatikisa kichwa. Anakula na mgeni wake, alisema, na mgeni wake anakula makande.

Basi nikaonja mimi. Nyama iliachana na mfupa kabla sijaing'ata. Ile harufu ya kondoo ambayo wengi hawaipendi ilikuwa imegeuka kuwa kitu kingine, kizito na kitamu, na lile jani la dawa ya kifua limepita katikati yake. Wanaume wawili waliokuwa wameisubiri stuu ile kuliko watu wote walikuwa wanatafuna mahindi baridi mbele yangu, wakibishana kama huko Magoma joto litaruhusu kabichi.

"Enhe?" Hezekia aliuliza.

Nilikuwa na utani wa miaka mitatu umejipanga mdomoni, na sikuupata hata mmoja. Nilimwambia ukweli, kwamba sijawahi kula nyama kama ile tangu nizaliwe. Aliitikia kwa kichwa, akamsogezea Saidi upande wa sahani uliokuwa na maharage mengi, wakaendelea kula.